Kabla Hamjasema "Tuna Ndugu Dar": Niliyoyaona Nikimuuguza Mama

Mama alipoandikiwa rufaa ya mionzi ya saratani kwenda Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, kikao cha familia kilikaa jioni hiyohiyo nyumbani kwetu Nzuguni, Dodoma. Suala la malazi halikuchukua hata robo saa. Mjomba yuko Chanika, mama mdogo yuko Kigamboni, binamu yetu yuko Bunju. "Ndugu wapo, hamtalala nje," alisema baba mkubwa, na kikao kikahamia kwenye nauli na nani atabaki na mbuzi Mvumi.

Nayaandika haya kwa familia za Dodoma, Kongwa, Manyoni na kwingine huku kwetu zitakazokaa kikao kama kile. Mambo ya matibabu mtaelezwa na madaktari, tena vizuri. Ila mgonjwa atalala upande gani wa jiji, hilo hakuna atakayewauliza, na kwetu sisi ndilo lililomaliza pesa na nguvu kuliko ugonjwa wenyewe.

Kwanza mjue mionzi inavyokwenda. Mgonjwa anahudhuria Jumatatu hadi Ijumaa, wiki baada ya wiki, na kila siku anakaa mashineni dakika chache tu. Hasikii maumivu wakati ule, hachomwi sindano, anatoka kwa miguu yake. Kwa hiyo kazi kubwa ya mchana wote ni kumfikisha na kumrudisha, kesho tena, keshokutwa tena. Mgonjwa anayeanza ana nguvu. Wa wiki ya tatu na kuendelea anachoka mpaka kuongea anaona kazi. Safari aliyoiweza Februari, Machi haiwezi.

Kwetu hapa, mtu akisema anakaa Dodoma mjini, awe Nkuhungu au Ipagala, bodaboda atakufikisha kabla chai haijapoa. Tukadhani Dar ni hivyohivyo, ila kubwa zaidi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na 3,085,625 katika mkoa wetu. Ukiziangalia hesabu hizo peke yake unaona wametuzidi kidogo tu, hata mara mbili hawafiki. Sasa weka ardhi. Mkoa wetu una kilometa za mraba 41,311. Wao wana kama 1,393. Mkoa wao unaingia ndani ya wetu karibu mara thelathini. Huku kilometa moja ya mraba ina watu kama 75, kule ni karibu 3,900. Na wale watu hawakugawanywa sawa: Manzese na Tandale nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, wakati Chanika bado kuna mikorosho na viwanja vyenye nyasi. Mji ambao mwaka 1967 haukufika watu 300,000 umeongezeka namna hiyo ndani ya umri wa mama yangu, na waliokuja baadaye wamekwenda kukaa pembeni, kulikokuwa na ardhi ya bei nafuu. Ndugu zetu wengi wa kutoka bara ndiko waliko. Hospitali na ofisi kubwa na soko zimebaki palepale katika mji wa zamani, si mbali na bandari.

Tulisafiri kwa treni ya SGR. Hilo sina la kulalamikia. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 31,000 kwa mtu, safari ni ya saa chache tu, choo kipo, na mgonjwa anaweza kunyoosha miguu. Tofauti na basi, hamshuki Mbezi mkaanza kutafuta tena usafiri wa kuingia mjini. Stesheni iko katikati, jirani na Gerezani na Kariakoo. Mama alikuwa hajawahi kushuka kutoka kwenye mwinuko wetu wa mita zaidi ya 1,100 mpaka usawa wa bahari. Baada ya Morogoro akaanza kulalamika masikio, na milango ilipofunguliwa Dar akasimama, akavuta pumzi, akaniambia, "Mwanangu, hili joto lina maji." Ni kweli. Joto la Dodoma ukiingia kivulini linakuacha. Lile unalala nalo.

Tukaenda kwa mjomba Chanika. Kwenye kikao walikuwa wamepata sababu iliyoonekana ya maana: Chanika ni Ilala, na Ocean Road nayo ni Ilala. Kwenye karatasi ni sahihi kabisa. Ila Ilala ndiyo iliyopewa hadhi ya Jiji mwaka 2021, ina watu 1,649,912, na imetandazwa kuanzia ufukweni Kivukoni, inapita Kariakoo, Buguruni, uwanja wa ndege, Ukonga, Gongo la Mboto, inapanda vilima vya Pugu ndipo unakuta Chanika. Jina la wilaya lisiwape matumaini. Keko iko Temeke, wilaya nyingine, na ni karibu na Ocean Road kuliko Chanika mara nyingi sana.

Mjomba na mke wake walitupokea kwa upendo, chumba safi, chandarua, kila kitu. Shida ilikuwa alfajiri. Tuliamka saa tisa na nusu usiku ili saa kumi na robo tuwe kituoni, tupate siti kabla gari halijajaa. Mkichelewa nusu saa, mgonjwa anasimama mpaka mtu amwonee huruma. Kutoka Gongo la Mboto foleni inaanza, na kutoka hapo dereva hana ujanja, anavuta mdogomdogo. Asubuhi moja tulipokaribia Banana mama aliniminya mkono. Sikuwahi hata kufungua mfuko, akatapikia kwenye khanga yangu. Nilikuwa najiandaa kusemwa. Konda akasimamisha gari, akachukua chupa yake ya maji akanipa, abiria wa nyuma akashusha kioo, na mzee mmoja akasema, "Mpeni mama nafasi, huyo anaenda mionzi, mke wangu alikuwa hivyohivyo." Hakuna aliyelalamika kuchelewa. Nimesikia mengi kuhusu makonda wa Dar. Mimi huyo ndiye niliyekutana naye.

Mlio upande ule, ulizieni treni ya mjini inayotoka Pugu kwenda Stesheni. Inajaa sana, lakini haikai kwenye foleni. Kwa mgonjwa mwenye nguvu inafaa. Mama alikuwa ameshavuka hapo.

Tukahamia Kigamboni kwa mama mdogo. Ukisimama ufukweni kule unayaona maghorofa ya Posta ng'ambo, karibu mno, na hospitali iko upande uleule. Kinachowatenga ni mlango wa bandari tu, mkondo mwembamba unaopitiwa na meli kubwa. Pantoni linavuka kwa dakika chache na nauli ilikuwa shilingi 200. Safari yote ya siku ilishuka kwa zaidi ya nusu, na kwa wiki ya kwanza tulijiona tumeupata ufumbuzi.

Kinachochosha Kigamboni ni kusubiri. Mnasubiri pantoni lifike, mnasubiri meli ipite, mnasubiri magari yashuke kwanza. Na geti likifunguliwa, watu mamia wanakwenda kwa mwendo mmoja, kila mtu anawahi kibarua. Mgonjwa akiyumba pale ataangushwa na mtu ambaye hata hatajua amemwangusha. Tulijizoesha kukaa pembeni mpaka wimbi la kwanza lipite, tuingie wa mwisho. Mama alikuwa anafumba macho tangu tunapokanyaga chuma mpaka tunapokanyaga lami. Siku pantoni moja likiwa matengenezo mnabaki na Daraja la Nyerere, lile la mita 680 lililofunguliwa 2016. Zuri, ila linatokea Kurasini, kwa hiyo mnazunguka bandari yote na kuingia mjini kupitia foleni nyingine.

Siku moja tukitoka hospitalini mama alichoka kabla hatujafika kivukoni, akakaa ukingoni mwa barabara, miguu ameinyoosha, kitenge kimeanguka begani. Nilikwenda hatua chache kununua maji. Kugeuka, kijana aliyevaa vizuri, mwenye kitambulisho cha ofisi shingoni, ameinama anamwekea mama sarafu ya mia mbili mapajani, kisha akaenda zake. Sisi Wagogo tunajua tunavyosemwa kule, kwamba kazi yetu ni kuomba barabarani. Niliumia mpaka machozi yakanitoka. Mama akaigeuza ile sarafu, akanitazama, akasema, "Unalia nini? Nauli ya pantoni hii." Akacheka peke yake mpaka ng'ambo. Ilikuwa mara ya kwanza anavuka macho yakiwa wazi.

Mwanzoni mwa Machi nguvu zikapungua sana, nikaamua kupanga chumba. Kibanda changu cha cherehani huku Dodoma, pale Majengo, kilikuwa kimefungwa zaidi ya mwezi, wateja wameanza kuchukua vitambaa vyao, kwa hiyo pesa ya chumba ilitoka kwenye mbuzi wawili na mchango wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Mtakutana na haya: mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali anachukua ya mwezi mmoja juu yake. Mimi nilimweleza mwenye nyumba ukweli, nikamwonyesha kadi ya kliniki ya mama. Akakubali miezi mitatu. Chumba kilikuwa cha 100,000 kwa mwezi, Magomeni, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati. Dalali hakupunguza hata senti. Ongeza godoro, feni na ndoo. Feni msiikwepe, Machi pale bila feni mgonjwa halali, na ngozi iliyopigwa mionzi haitaki jasho.

Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kizaramo, mkubwa kidogo kwa mama. Tangu siku ya kwanza alimwita "mdogo wangu", na mama akamjibu "dada", basi nikapata msaidizi. Nikienda kununua dawa wanakaa barazani wote wawili, mmoja anaeleza mchicha wa nazi, mwingine anatetea mlenda. Maji ya kisima pale yalikuwa na chumvi, sabuni haitoi povu, ya kunywa tulinunua. Bebeni unga wenu wa uwele na mlenda mkavu kutoka nyumbani. Mgonjwa aliyekataa kila kitu anaweza akakubali chakula anachokijua.

Nilichagua Magomeni kwa sababu ya mwendokasi. Basi linapita katika njia yake, halina foleni, linakwenda mpaka Kivukoni, kisha bajaji kidogo mpaka Ocean Road. Hesabu ilikuwa nzuri. Kilichokuwa hakimo kwenye hesabu ni bonde.

Kati ya Magomeni na mjini kuna Jangwani, na Jangwani ndipo Mto Msimbazi unapotawanyika kabla ya kuingia baharini pale Salenda. Mto huo unaanzia vilima vya kule Pugu na Kisarawe, unashuka kupitia Vingunguti na Kigogo, unakusanya maji ya mitaa iliyojengwa mpaka pembezoni mwake. Udongo wa mjini umefunikwa na bati na saruji, maji hayana pa kuzama, yote yanaletwa pale chini. Kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, na korongo likijaa unaona wingu lililolijaza. Dar wana vuli na wana masika, na masika ya Machi mpaka Mei ndiyo yenye nguvu. Asubuhi moja tuliamka Magomeni pakavu, jua limechomoza, nikamvalisha mama, tukafika kituoni tukakuta watu wamejaa na mabasi hayavuki. Mvua ilikuwa imenyesha kule juu usiku kucha. Barabara ya Morogoro pale Jangwani ilikuwa chini ya maji.

Nilimuuliza yule bibi kama ni jambo la kawaida. Akaniangalia kama niliyeuliza kama jua huchwa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu karibu arobaini katika jiji lile, na wengi wa walioguswa walikuwa wa bonde hilohilo. Baada ya hapo wakazi wengine walipelekwa Mabwepande, na sasa kuna mradi mkubwa wa kulitengeneza bonde lote, wenye nyumba wakilipwa fidia waondoke. Siku mtakayosoma haya huenda daraja jipya la Jangwani limeshawaondolea adha hii. Ulizieni.

Siku ile tulizunguka: Magomeni, Kinondoni, halafu Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa 2022, linalopita juu ya bahari na kutua karibu na Hospitali ya Aga Khan. Kutoka hapo barabara ya ufukweni inakufikisha Ocean Road bila kuingia mjini. Gari la kukodi lilinitoza 15,000, kwa sababu ya mvua na kwa sababu wote tulikuwa na shida moja. Ni bora kutoa hiyo kuliko kukosa siku. Wauguzi walikuwa wametueleza tangu mwanzo kwamba siku mnayoikosa haifutwi, inasogezwa mwishoni, na kila siku ya nyongeza ni chakula, nauli na uchovu. Wekeni akiba ya siku kama hizo pembeni, msiiguse kwa jambo jingine.

Jambo lililotusaidia kuliko yote lilitoka kwa baba mmoja wa Mtwara tuliyekuwa tunakaa naye benchi moja kusubiri. Alisema nisihangaike na njia, nihangaike na saa. Asubuhi watu wote wa pembezoni wanavutwa kwenda Posta na Kariakoo. Jioni wote wanarudishwa. Kivukoni na mitaa ya katikati ya mji, mchana panafurika, usiku hawalali watu wengi pale. Ubungo peke yake ina watu 1,086,912 na Temeke 1,346,674, na sehemu kubwa ya wenye kazi humo wanaingia kwenye barabara zilezile nne kubwa, ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Nyerere na ya Kilwa, kwa saa zilezile mbili au tatu. Mgonjwa hana sababu ya kuwa katikati yao. Nikamwomba muuguzi anayepanga orodha atuhamishe kutoka saa mbili asubuhi kwenda saa sita mchana. Akauliza tunatoka wapi, akabadilisha palepale kwa kalamu. Tangu siku hiyo mama alikuwa anaamka kulipokucha, anakunywa uji, anaoga taratibu, tunapanda mwendokasi saa nne na nusu na siti zipo. Kumbe tungeomba hivyo tangu Chanika.

Familia inayoanza leo ningeiambia ianze kwa kupiga simu hospitalini kuulizia malazi ya wagonjwa wa mikoani, kabla ya kuwapigia ndugu. Yakikosekana, wachukue ramani, hata ile ya simu, waangalie vitu viwili tu: maji yako wapi, na upande wa hospitali ni upi. Kwa Ocean Road au Muhimbili, chumba cha kawaida Ilala, Keko, Chang'ombe au Kurasini kinawaweka upande wa mjini bila kuvuka Jangwani wala kusubiri pantoni. Upanga ni jirani kabisa lakini bei zake si zetu. Kariakoo usiku hapalaliki kwa kelele, na mchana gari halisogei. Binamu yetu wa Bunju alitusihi sana twende kwake. Nashukuru hatukuthubutu, maana kule ni mwisho kabisa wa mkoa upande wa Bagamoyo.

Na ndugu? Hao ndio waliotubeba, ila si kwa kitanda. Tulipohamia Magomeni, mama mdogo alikuwa anakuja Jumamosi na chakula cha siku mbili, mjomba alichangia kodi ya mwezi mmoja, binamu wa Bunju akaleta feni. Nilikuwa na hofu kwamba kuhama kwao kungeonekana dharau. Nikamweleza mjomba mbele ya mama, kwa heshima, kwamba kinachotuondoa ni barabara na siyo nyumba yake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema hata yeye asingeweza kuamka saa tisa kila siku kwa umri wake.

Kwa pesa, niseme wazi: bima ilibeba matibabu, lakini bima haipandi daladala. Malazi, usafiri, chakula na vitu vya chumba vilipita milioni moja na nusu, bila kuhesabu cherehani iliyokaa kimya. Zaidi ya nusu ya hizo zilitumika kabla hatujapata chumba na kubadilisha saa. Ofisi za serikali zimehamia Mtumba, huku kwetu Dodoma, tunaziona zikijengwa kila siku, lakini rufaa ya mama iliandikwa Dar, na za wengine zitaendelea kuandikwa kule kwa muda.

Sasa tunakwenda kliniki ya marudio tu. Tunapanda treni ya mchana siku moja kabla, tunalala nyumba ya wageni ndogo Gerezani, hatua chache kutoka stesheni, 25,000 na feni ndani. Asubuhi tunachukua bajaji mpaka hospitalini, na tukimaliza mapema tunarudi na treni ya jioni. Tiketi nakata zote mbili kwa pamoja kabla ya kuondoka, kwa sababu karibu na sikukuu na wakati wa Bunge zinaisha haraka. Mama bado anataka tupitie kivukoni akipata nafasi, anasema ana deni la mia mbili kule.